Kwa nini kompyuta huanza kuhesabu na sufuri?

MWANAFUNZI anayejifunza kuandika programu hukwama mapema mahali pamoja. Amepanga alama za mtihani katika safu, anaiambia kompyuta impe alama nambari 1, naye anapewa ya pili. Hapo hudhani mashine imeingiwa na wazimu. La hasha!

Yafikirie masanduku ya posta. Yamejipanga mfululizo, yana ukubwa mmoja, na kila moja lina nambari yake. Safu ni hivyo hivyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Tofauti ni kwamba nambari yake si jina la sanduku, bali ni hatua unazopiga kutoka sanduku la kwanza. Ukitaka la kwanza lenyewe, hupigi hatua yoyote: sufuri. Tuseme safu inaanzia anwani 1000 na kila sanduku huchukua baiti 4. Nambari 5 basi iko 1000 jumlisha mara 5 ya 4, yaani 1020. Hesabu moja tu, hata masanduku yawe milioni.

Si lugha zote zilizofuata njia hii. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka wa 1957, ilianza na moja kama binadamu wengine.

Katika Python, ambayo safu yake ya kawaida huitwa orodha, tungeandika:

alama = [67, 54, 81, 72]

Hapo alama[0] ni 67, na alama[3] ni 72. Je, ukiomba alama[4]? Python itagoma na kukuonyesha kosa. Mwanafunzi hukasirika, lakini afadhali kugomewa.

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, haigomi. Hufungua tu sanduku la jirani. Novemba 2, 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea programu nyingine baiti 536, ilhali safu ya kuzipokea ilikuwa ya baiti 512. Zilizozidi zikamwagikia upande wa pili na kuteka mashine. Inakadiriwa kompyuta 6,000 ziliathirika. Mahakama ilimtoza faini ya dola 10,050 na kumpa saa 400 za kazi ya jamii. Amri ya C iliyoacha mwanya huo, gets, iliondolewa katika kanuni za lugha hiyo mwaka wa 2011 tu, miaka 23 baadaye!

Mzazi, mwanao akilalamika kwamba hajui orodha yake inaishia wapi, mwambie atoe moja kwenye idadi ya vilivyomo. Ama aandike alama[-1]. Python itahesabu kutoka nyuma na kumpa 72.