Nani alijaribiwa Beni?

Swali lenyewe halichoki. Chanjo mpya ikitajwa tu katika soko la Kilokwa mjini Beni, mashariki mwa Kongo, au abiria akizusha mazungumzo na motari wa Butembo, linarudi vilevile: si OMS, Shirika la Afya Duniani, na wazungu wake waliwafanya watu wa huku panya wa majaribio wakati wa Ebola? Limeulizwa mno, na majibu ya upole yamekwisha.

Hapana. Hawakuwafanya hivyo.

Majaribio ya dawa za Ebola yanayolaumiwa yaliitwa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Yalianza Beni Novemba 2018, kisha yakafika Mangina, Butembo na Katwa. OMS iliratibu, Marekani ilidhamini ikishirikiana na INRB ya Kinshasa, taasisi ya utafiti wa tiba inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyefika Yambuku mwaka 1976 wakati Ebola ilikuwa bado haijapewa jina. Wagonjwa 681 waliingia kwa ridhaa yao au ya jamaa zao. Hakuna aliyepewa dawa ya uongo ili atazamwe akifa: kila mmoja alipata dawa moja kati ya nne, kwa bahati nasibu, pamoja na serumu na huduma nyingine zote.

Panya wa maabara hasaini ridhaa, wala jaribio halikatizwi kwa faida yake. Hili lilikatizwa. Agosti 2019 kamati huru ilipitia takwimu, ikaona dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zinaokoa watu wengi zaidi, na wagonjwa waliofuata wakapewa hizo tu. Katika hesabu ya mwisho, kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, mojawapo ya zile dawa nne, walikufa karibu 50. Wa mAb114 walikufa 35, na wa REGN-EB3 karibu 34. Hiyo mAb114 yenyewe ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Dawa "ya wazungu" ina asili katika damu ya aliyenusurika Kongo.

Wapo pia wanaoapa kwamba wagonjwa walifichwa wakauawa. Shirika la ALIMA lilitumia Beni vyumba vya plastiki angavu: muuguzi yuko nje, anaingiza mikono katika glavu ndefu zilizoungwa ukutani, anamhudumia mgonjwa, na familia inamwona ndugu yao uso kwa uso. Ni mahali pa ajabu pa kumfichia mtu.

Hasira ina sababu zake, na asiyezitaja anadanganya. Mamilioni ya dola yalimiminika mahali ambapo raia waliendelea kuuawa kwa mapanga bila ulinzi. Desemba 2018 uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu, na wakazi wa miji hiyo hawakupata nafasi ya kumchagua rais. Mwaka 2021 tume huru ilieleza unyanyasaji wa kingono uliofanywa na watu wa operesheni ya kupambana na Ebola, wakiwemo wafanyakazi wa OMS. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja linalofuta virusi.

Kutoamini nako kulikuwa na gharama. Utafiti wa Septemba 2018 katika miji ya Beni na Butembo ulikuta mtu mmoja kati ya wanne hasadiki kwamba Ebola ipo. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili Dkt. Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyekuwa akipambana na mlipuko huo, aliuawa kwa risasi Butembo. Wagonjwa nao walijificha hadi wakachelewa. Ndani ya PALM, waliofika siku ya kwanza ya dalili walikufa 19 kati ya 100. Waliokaa na dalili siku tano, 47. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287.

La kufanya ni fupi. Mwenye homa isiyoeleweka aende kituo cha afya leo, si baada ya kumaliza waganga wa mtaa mzima. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola akubali chanjo. Mwanaume aliyepona Ebola apimwe shahawa na atumie kondomu mpaka majibu mawili yatoke safi. Anayeombwa kuingia utafiti aulize nani analipa, kamati gani ya maadili imeidhinisha, na damu yake itapelekwa wapi. Asiporidhika akatae, matibabu ni haki yake.

Na wenye hasira wabadilishe swali. Akiba ya dunia ya chanjo ya Ebola, iliyoanzishwa Januari 2021, inatunzwa Uswisi. Waiulize OMS, na serikali ya Kinshasa pia, kwa nini iko mbali hivyo na watu waliosaidia kuthibitisha kwamba chanjo hiyo inafanya kazi.