Je, Wajua? Usemi Hupita Ndani Kabisa ya Ubongo
Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu aliyeweza kutamka silabi moja tu, “tan”, akaona kidonda mbele, upande wa kushoto. Picha za ubongo huohuo zilizochapishwa 2007 zilionyesha kuwa uharibifu ulizama hadi kwenye maada nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha maeneo ya ubongo. Kwa hiyo mpasuaji asiyezijua njia hizo anaweza kuondoa uvimbe wote wa ubongo na usemi ukaenda nao. Wapo wanaosema picha za MRI zinatosha kuonyesha njia hizo. Hazitoshi: hukadiria njia kwa kufuata mwendo wa maji ndani ya ubongo, tena ubongo husogea fuvu likifunguliwa. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huamshwa wakati wa upasuaji, wakataja majina ya vitu huku nyuzi zikiguswa kwa umeme hafifu. Mgonjwa akikwama, ukataji husimama hapo.