Nsyuka: picha ya bei chee iliyotunyima usingizi

Kama ulikuwa mtoto hapa Tanzania miaka ya 2000, nikikutajia Nsyuka najua utafanya moja kati ya mawili: utacheka, au utageuka kutazama nyuma ya mlango. Wengine hufanya yote kwa mpigo. Hiyo ni picha ya kutisha ya Mussa Banzi, yuleyule aliyetuletea pia Shumileta, jini wa kike aliyempenda mwanadamu. Walimu waliisema, masheikh waliisema, mama zetu waliisema kwa kandambili. Sisi tukaendelea kwenda.

Hapa Ruangwa ilifika kwa kuchelewa, kama basi la Nachingwea wakati wa masika. Dar es Salaam walishaiona kwenye kanda za VHS mpaka wakaichoka, ndipo sisi tukaipata kwenye CD iliyokwaruzika, mahali pengine zimwi linaganda dakika nzima huku mwenye banda anaifuta CD kwa shati lake. Banda lenyewe mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta linanguruma nje. Kiingilio shilingi mia. Msimu wa korosho ungeweza kuingia kwa kikombe cha korosho ghafi, ila hilo usimwambie mtu wa chama cha msingi.

Sasa tuambiane ukweli. Picha zetu za kutisha za wakati ule ni duni. Kamera ni ileile ya kupigia harusi, taa ni ya sebuleni, upepo ukivuma maneno hayasikiki, na mfu akifufuka unaona rangi imeishia shingoni, mikono ni ya mtu aliyeoga vizuri asubuhi. Mtu wa mjini aliyezoea mapicha ya Marekani atakuuliza, hivi mnaogopa nini hapo?

Mimi humjibu kwamba hata hao Wamarekani walipita hukohuko. Mwaka 1968 jamaa mmoja, George Romero, na wenzake wa Pittsburgh walitengeneza Night of the Living Dead kwa dola zipatazo 114,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya maji. Damu mle ndani ni sharubati ya chokoleti. Picha haikuwa na rangi, nani angejua? Wafu wanatembea kwa kuyumba kama walevi wa gongo, na ukiwatazama vizuri utaona ni misukule tu, hakuna cha zaidi. Leo picha hiyo inafundishwa vyuo vikuu. Kwa hiyo suala la bei tuliweke pembeni.

Kilichotushika kwenye Nsyuka ni kwamba ilikuwa ya kwetu. Wanyakyusa kule Mbeya huwaita mizimu ya waliokufa abasyuka, na jina la picha limetoka katika ukoo huo wa maneno. Sisi Wamwera hatukuwa na neno hilo, tukalipokea tu, na ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa unalitumia kana kwamba tulizaliwa nalo. Vampaya wa Kizungu anakaa kwenye kasri, na mimi kasri sijaliona hata moja tangu nizaliwe. Zimwi la picha za Kibongo linapita uani karibu na ndoo ya maji. Kochi lina vitambaa vya kufuma kama vya kwa shangazi. Watu wakizidiwa hawakimbilii bunduki, wanakwenda kwa mganga, na mganga anataka kuku. Halafu unatoka bandani saa tatu za usiku, taa hakuna, na kichaka cha kwenye picha ndicho hichohicho cha njia ya kwenu. Acha mchezo!

Isitoshe, huku kusini hofu hatukufundishwa na picha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Wengi walikamatwa msimu wa mavuno, wakiwa wamelala madunguni shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Wataalamu wakasema nguruwe ndiye anayemvuta simba. Vijijini watu walikuwa na maelezo mengine: yule si simba wa Mungu, ni simba wa kutumwa, ana mwenyewe.

Ukishasema ana mwenyewe, kinachofuata ni kumtafuta mwenyewe. Ng'ambo ya Ruvuma, wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba walipokuwa wanakula watu, wananchi waliwageukia wenzao waliodhaniwa kuwafuga, na wapo waliouawa. Zanzibar mwaka 1995, kwenye ile hofu ya popobawa, mtu mmoja mgonjwa wa akili alipigwa akafa kwa kudhaniwa ndiye. Hawa hawakuuliwa na zimwi. Waliuliwa na watu wazima walioogopa.

Wazee waliposema picha hizi zinafundisha uchawi mimi niliona wanakuza mambo, lakini nusu ya maneno yao nayakubali. Mtaani kwetu kulikuwa na bibi muuza vitumbua, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Baada ya Nsyuka watoto wakambandika jina hilohilo. Mwanzoni utani. Baadaye nikawasikia akina mama wanawakataza watoto vitumbua vyake, na mtu mzima mmoja mwenye akili zake timamu akasema kijiweni, "Lisemwalo lipo." Hapo nilisikia baridi kuliko siku zote nilizokaa bandani.

Jioni moja bibi akaja mwenyewe bandani na mia yake mkononi. Mwenye banda akamwamkia, "Shikamoo bibi," akataka kumrudishia hela. Bibi akakataa. "Marahaba. Na mimi nimekuja kujiangalia."

Akakaa benchi la mbele. Watu wote wakajibana upande wa pili, benchi zima akabaki nalo yeye. Mfu alipotokea, watoto wakapiga yowe, bibi akainama mbele, akakodoa macho yake mekundu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Huyu mbona kasahau kupaka masikio?"

Banda lilivunjika kwa kicheko. Ilibidi mwenye banda asimamishe picha. Kila mfu aliyetokea baada ya hapo watu walikagua masikio kwanza. Jina halikumtoka bibi, ila toka siku hiyo watoto wakimwita naye aliwajibu, "Subirini nikapake masikio," na vitumbua vikawa vinaisha kabla ya saa mbili asubuhi. Kwa picha kubwa ya dola mamilioni, yenye zimwi lililokamilika kila kiungo, sijui bibi angepata wapi pa kushika. Ule uduni ndio uliompa nafasi.

Siku hizi banda linaonyesha mpira. Namungo ikicheza ugenini hupati pa kusimama, na ukitaja picha ya kutisha utaambiwa uitafute kwenye simu yako. Ndivyo nilivyofanya majuzi, nikamwonyesha mpwa wangu wa miaka tisa kipande cha zimwi la Kibongo la enzi zile. Alicheka mpaka akapaliwa na maji. Akaniuliza, "Anko, na nyie watu wazima mlikuwa mnaogopa hiki kitu?"

Saa nne usiku akanigongea mlango nimsindikize chooni.