Wamepona, lakini hawaruhusiwi kwenda nyumbani

Mwaka 2007 nilivuka mpaka wa Manyovu, mkoani Kigoma, kwenda kufanya kazi kwa wiki tatu katika hospitali moja ya serikali kusini mwa Burundi. Mimi ni daktari, na wodi iliyofurika si jambo geni kwangu. Kilichonishangaza ni wagonjwa waliokwisha kupona.

Wodi ya upasuaji nilimkuta kijana aliyevunjika mguu alipoanguka na baiskeli ya mizigo. Mfupa ulikwisha kuunga. Nilipomwambia muuguzi kuwa huyu aende nyumbani, alinijibu kwa sauti ya chini: "Daktari, alipona tangu mwezi uliopita. Hajalipa." Mlangoni alikaa mlinzi. Chakula kijana alipewa na ndugu wa wagonjwa wengine.

Hayo hayakuwa ya hospitali ile peke yake. Tangu mwaka 2002 hospitali za Burundi zilitakiwa kujiendesha kwa fedha za wagonjwa, katika nchi iliyokuwa vitani tangu 1993. Aliyekosa fedha aliuza mbuzi au shamba, ama alizuiliwa. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch na lile la Burundi, APRODH, yalitoa ripoti kuhusu wagonjwa hao.

Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Matunda yake niliyaona: wodi ya watoto ilijaa, kitanda kimoja watoto wawili. Aliyevuka umri huo, alilipa.

Mama mmoja aliyerejea kutoka kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, alimleta binti yake wa miaka saba akiwa na degedege. Homa ilikuwa ya siku ya tano. Kambini alizoea kutibiwa bure. Huku aliogopa bili, akangoja. Ilikuwa malaria kali. Tulimtundikia dripu ya kwinini na mtoto akapona, lakini gharama ilizidi mara nyingi ile ya vidonge vya siku ya kwanza.

Hilo ndilo ninalowaambia ndugu zangu wanaorejea makwao na wanaovuka mpaka kutafuta riziki. Malaria kali inaweza kuua ndani ya siku moja, na bili hukua kadiri unavyongoja. Nenda mapema, uliza bei kabla ya kulazwa, uliza pia ni huduma gani hazilipiwi. Kadi ya kliniki ya mtoto usiiache kambini, maana ndiyo inayoonyesha umri wake.

Mfanyabiashara hutenga nauli na ushuru kabla ya kufunga mzigo. Atenge na fedha ya matibabu.