Ni Nani Asomaye Ukulima?



Mara nyingi tunawasikia wazee wakisema: "Kijana wangu amefeli, basi nitamtia chuo cha kilimo." Kwa maneno hayo tumeona vyema tuwaeleze habari za chuo kimoja kilichoanza kidogo sana huko Marekani.

Chuo hicho ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Kilifunguliwa tarehe 4 Julai 1881, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa kiasi cha 30, wanaume na wanawake karibu sawasawa. Wengi wao walikuwa tayari waalimu wa skuli, na baadhi walikaribia umri wa miaka 40.

Chuo kilinunua shamba lililohamwa. Mwalimu alipotaka wafyeke msitu wapate kulima, wanafunzi walinung'unika. Utumwa ulikuwa umekwisha mwaka 1865 tu, na wao walikuja chuoni kulikimbia jembe. Washington alichukua shoka, akatangulia msituni kila siku baada ya masomo. Walipoona kuwa yeye haoni haya, wakamfuata, hata wakasafisha kiasi cha eka 20.

Mwaka 1896 alikuja George Washington Carver, naye mzaliwa wa utumwani, kuongoza mafunzo ya ukulima. Ardhi ilikuwa imechoshwa na pamba. Akahimiza watu wapande kunde, karanga na viazi vitamu. Tangu mwaka 1906 chuo kikapeleka gari la kukokotwa na wanyama mpaka mashambani, kuwafundisha wakulima wasioweza kuja chuoni.

Ndugu zetu, na sisi tunayo haya hiyo. Hapa Unguja na Pemba mikarafuu mingi ilipandwa na kupaliliwa na watumwa, mpaka sheria ilipouondoa utumwa mwaka 1897. Mpaka leo wako wanaoona kuwa kushika jembe ni kushuka cheo.

Lakini mkarafuu unaopandwa leo hauchumwi kabla ya miaka sita hivi, na huishi kuliko aliyeupanda. Wataka mrithi mwenye ujuzi. Basi tusipeleke chuoni yule aliyekosa pa kwenda. Tumpeleke aipendaye ardhi, akiwa mwana wa kiume au wa kike, hata akiwa mtu mzima. Na kabla ya hapo, mzazi atangulie yeye shambani, mtoto amwone.