Bastola Inapokwama

Katika Eldoret, kiwanda cha serikali, Kenya Ordnance Factories Corporation, hutengeneza risasi, na miongoni mwazo zimo za milimita 9. Lakini risasi njema haifai kitu katika bastola mbovu.

Bastola ndogo ifichwayo ndani ya nguo hukwama upesi kuliko kubwa. Chuma chake cha juu ni chepesi, husafiri mwendo mfupi, tena springi yake ni ngumu. Basi uchafu kidogo, au mkono uliolegea, huweza kukizuia kisirudi sawasawa, na ganda likabaki ndani.

Mwenye cheti kama Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iagizavyo, na afanye hivi. Risasi isipolia, aelekeze mdomo wa bastola mahali pa salama, asubiri nusu dakika, kwani huweza kulia baadaye. Kisha atoe kasha la risasi, na kuhakikisha chemba ni tupu. Afute vumbi na nyuzi za nguo, atie mafuta kidogo. Katika uwanja wa shabaha ajaribu kasha jingine, halafu risasi nyingine, jambo moja moja, apate kujua kosa liko wapi. Asichonge chuma mwenyewe: hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.