Kifundo cha mguu kilichopasuliwa hupona nyumbani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Samuye

Katika ukanda wetu wa Shinyanga na Geita, mguu ndio mtaji. Mkulima wa pamba hupalilia akiwa amesimama, mchimbaji mdogo wa dhahabu hushuka na kupanda duara kwa nguvu za nyayo zake, na kijana anayebeba abiria kwa baiskeli mjini Shinyanga hana injini nyingine isipokuwa misuli ya miguu. Ndiyo maana kuvunjika kifundo cha mguu, jambo linaloonekana dogo mbele ya magonjwa makubwa, huweza kuitikisa nyumba nzima. Sababu nazo hazikosekani: pikipiki inayoteleza barabarani, tuta la jaruba linalomeguka wakati wa mvua, au ngazi ya duara inayokatika.

Daktari bingwa wa mifupa humaliza sehemu yake kwa saa moja au mbili. Kazi inayobaki ni ya miezi, na hufanyika nyumbani, mikononi mwa mgonjwa, mkewe au mumewe, watoto na majirani. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mguu uliotoka hospitali ukiwa umenyooka hurudi huko ukiwa na usaha au umepinda, kwa sababu tu aliyeuguza hakuelezwa la kufanya, au alielezwa akashindwa na maneno ya watu. Makala hii inakusudia kumsaidia huyo anayeuguza.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Kifundo cha mguu ni makutano ya mifupa mitatu: mfupa mkubwa wa muundi, mfupa mwembamba ulio upande wake wa nje, na mfupa mdogo wa unyayo unaokaa katikati yao kama kinu kinavyoushika mchi. Mifupa hiyo hufungwa pamoja kwa kano imara. Uzito wote wa mwili hupita hapo. Mfupa ukihama hata kwa milimita chache, gegedu lililo ndani huanza kusagika, na maumivu ya kudumu hufuata baada ya miaka. Ndiyo maana daktari, akiona kwenye picha ya eksirei kwamba mifupa imeachana, huamua kupasua, kuirudisha mahali pake na kuishika kwa kipande cha chuma na skrubu. Njia hii ilienea sana baada ya kundi la madaktari wa Uswisi kuunda umoja wao wa AO mwaka 1958 na kuanza kuifundisha duniani.

Wengi hulalamika kwamba mgonjwa wao amelazwa siku kadhaa bila kupasuliwa. Mara nyingi huo si uzembe. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, na ikipasuliwa ikiwa imevimba sana hukataa kuziba. Daktari husubiri uvimbe upungue na ngozi ianze kukunjamana. Msomaji Muislamu atafurahi kujua kwamba busara ya kungojea uvimbe si ngeni: Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, katika kitabu chake cha al-Qanun alishauri kutoharakisha kuufunga mfupa uliovunjika kwa vibao katika siku za mwanzo. Hata plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, ilitumika mashariki kabla ya kuzoeleka Ulaya. William Eton, Mwingereza aliyekuwa balozi mdogo Basra, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1798.

Mtume (s.a.w.) naye aliumia mguu

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipanda farasi mjini Madina, farasi akamwangusha kwenye shina la mtende na mguu wake ukatenguka. Masahaba walipokwenda kumtazama walimkuta katika chumba cha Bibi Aisha (r.a.) akiswali kwa kukaa.

Tuzingatie mambo matatu katika tukio hilo. Kwanza, kiumbe bora kuliko wote alipata ajali ya chombo cha usafiri cha zama zake. Basi asiwepo wa kusema kwamba aliyeanguka na pikipiki amelaaniwa au amerogwa. Pili, alikaa ndani na kuupumzisha mguu, wala hakujilazimisha kutoka ili aonekane shujaa. Tatu, masahaba walimfuata alipo. Mapumziko ni sehemu ya matibabu, na kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu.

Wiki sita za mwanzo

Kanuni ya kwanza ni kuinua mguu. Katika wiki mbili za mwanzo mgonjwa akae au alale mguu ukiwa juu kuliko moyo, juu ya mito miwili au blanketi lililokunjwa, kwa sehemu kubwa ya siku. Mguu unaoning'inia huvimba, na uvimbe huvuta nyuzi na kuchelewesha kidonda. Vidole vya mguu vichezeshwe kila saa. Goti na nyonga vikunjwe na kunyooshwa mara kadhaa kwa siku.

Kanuni ya pili ni ukavu. Kidonda na plasta visiguswe na maji wala visifunguliwe nyumbani ili kutazamwa. Kijiti kisiingizwe ndani ya plasta kukuna mwasho. Asali, majani, mafuta ya taa au unga wa vidonge visitiwe kwenye mshono. Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na tarehe hiyo isipuuzwe kwa sababu ya umbali wa zahanati au kituo cha afya.

Kanuni ya tatu, na ndiyo inayovunjwa zaidi, ni kutokanyaga mpaka daktari aruhusu. Kwa wengi muda huo ni wiki sita hivi. Kwa mwenye kisukari, au aliyevunjika vibaya, huweza kuwa mrefu zaidi. Chuma kilichowekwa kimeushika mfupa ili uungane. Hakikuchukua nafasi yake. Mwenye kukanyaga mapema hulegeza skrubu au hupinda chuma, naye hurudi kupasuliwa mara ya pili, kwa gharama na maumivu maradufu.

Chakula kisaidie. Mfupa unahitaji protini na madini, na hayo hayako mbali: maharage, mayai, maziwa ya mgando, dagaa wa Ziwa Viktoria wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani. Jua la asubuhi nalo lina faida. Kinyume chake, sigara hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na kuchelewesha kuungana. Aliyekuwa akitafuta sababu ya kuacha tumbaku, ameipata.

Kisha kuna jambo ambalo watu huona haya kulisema, nalo ni choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na mtu wa mguu mmoja hawezi kuchuchumaa salama. Fundi seremala akate tundu katikati ya kiti imara cha mbao, kiwekwe juu ya shimo, na nguzo ya kushikia isimamishwe pembeni. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuanguka tena.

Dalili zisizongojewa

Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo akiona haya: vidole kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi, maumivu yanayozidi hata baada ya dawa, homa, harufu mbaya au usaha, au shavu la mguu kuvimba na kuuma. Hilo la mwisho huweza kuwa dalili ya damu kuganda ndani ya mshipa. Likifuatiwa na kubanwa pumzi au kifua kuuma ghafla, ni dharura ya roho, maana damu iliyoganda huenda imefika mapafuni. Aliyepewa dawa za kuzuia damu kuganda azitumie mpaka mwisho kama alivyoelekezwa.

Twahara na swala

Maswali mengi yanayoletwa msikitini huhusu jambo hili. Mwenye plasta au bandeji halazimiki kuivua ili atawadhe. Huosha viungo vizima, kisha hupangusa juu ya plasta kwa mkono wenye unyevu. Katika madhehebu ya Imam Shafi huongeza tayamamu. Wanachuoni wengine wameona kupangusa kunatosha. Kila mmoja amuulize sheikh wake na asiibebe hitilafu hiyo kama ugomvi. Upangusaji huu haufanani na ule wa khofu: hauna ukomo wa siku moja kwa mkazi na tatu kwa msafiri, bali huendelea mpaka kupona, na hutumika pia katika josho la janaba. Ikiwa hata unyevu unaleta madhara, tayamamu ipo.

Katika swala, Imran bin Husayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa alielekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi anayeweza kusimama kwa kuegemea magongo bila madhara atasimama. Anayehofia kuanguka au kuchelewa kupona atakaa, mguu wake ameunyoosha, na ishara yake ya kusujudu itakuwa chini kuliko ya kurukuu. Mkao wa tahiyatu unaokunja kifundo huwa mgumu kwa miezi mingi, akae awezavyo.

Ijumaa haimlazimu mgonjwa. Ataswali Adhuhuri nyumbani. Mwenye mshono wa wiki mbili anayepakiwa kwenye pikipiki ili asikose hotuba anauhatarisha mguu wake kwa jambo ambalo Allah (s.w.) amemsamehe. Wala hapotezi thawabu: katika hadithi ya Abu Musa (r.a.), mgonjwa huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima.

Kukanyaga tena

Daktari akiridhika na picha ya wiki ya sita hivi, huruhusu mgonjwa kuanza kukanyaga kidogo kidogo. Hapa hushangaa wengi. Mguu umekonda, kifundo ni kikavu kama mlango wenye kutu, na jioni huvimba. Hayo ni ya kawaida. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi, hata mwaka. Dawa yake ni mazoezi tiba: kuvuta unyayo juu na chini, kuandika hewani kwa kidole gumba, kuvuta kitambaa kwa unyayo, kisha kusimama kwa vidole huku umeshika meza. Dakika kumi mara tatu kwa siku ni bora kuliko saa nzima siku moja kwa wiki. Kazi nzito kama ya jembe au duara kwa kawaida isitarajiwe kabla ya miezi mitatu au minne, na ruhusa itoke kwa daktari.

Wakati huu ndipo hujitokeza wachuaji. Kuchua kwa nguvu kifundo chenye mshono mpya kunaweza kuutengua mfupa usiokomaa. Hatuwavunjii heshima wazee wetu waunga mifupa, ambao wamesaidia watu tangu enzi zisizo na hospitali. Lakini vibao vikikazwa juu ya mguu uliovimba hukata damu, na mguu uliokosa damu hufa. Mifupa iliyoshikwa kwa chuma ina mtaalamu wake. Mwenye shaka arudi hospitali ya rufaa ya mkoa, au aende Bugando, Mwanza, akishauriwa hivyo.

Wajibu wetu

Mgonjwa wa mguu hupoteza kipato kabla hajapoteza kitu kingine, kisha hujiona mzigo. Familia imshirikishe katika mambo anayoyaweza: kuwafundisha watoto Qur'ani, kuchambua maharage, kushika hesabu za nyumba. Na mgonjwa akiwa ni mama, wanaume wachukue ndoo na kuni bila kusubiri kuombwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, hapana aibu katika sunna hiyo.

Aliyeumia barabarani asisahau fomu ya polisi, PF3, na aulizie haki yake katika bima ya chombo kilichomgonga. Tangu mwaka 2023 nchi yetu ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kaya ijiunge ikiwa nzima, kwani aliyekwisha vunjika huwa amechelewa. Mwenye deni la matibabu asilojiweza kulilipa huweza kuingia katika wanaostahiki zaka waliotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Kamati za misikiti ziwatafute watu hao, maana wengi wao hawaombi.

Yako pia mambo ambayo kila msikiti unaweza kuyafanya bila mfadhili: viti viwili vitatu mwishoni mwa safu, nguzo ya kushikia penye udhu, bomba moja linalofikiwa na aliyekaa, na sakafu isiyoteleza. La mwisho ni magongo. Katika nyumba nyingi yapo magongo yaliyolala uvunguni tangu mwenyewe alipopona, ilhali jirani anatambaa. Yaletwe msikitini, yaandikwe katika daftari, na aazimwe kila mwenye haja, awe Muislamu au asiwe. Jozi moja huweza kuwatumikia watu kadhaa kwa mwaka, na ni sadaka inayoendelea.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuepushe na ajali. Amin.